Mchanga Katika Gunia la Yunisi

Kila alipotoka shule, Damari alivua sare, akashika fimbo na kumsaidia mama yake kupura alizeti uani. Walipura juu ya ardhi tupu. Ng'ambo ya ua wa minyaa, rafiki yake Yunisi alipura juu ya turubai jipya la buluu.

Turubai hilo lilitolewa na shirika lililowaunganisha wakulima wa Ihanja na kampuni ya kukamua mafuta. Lilikuwa la kikundi kizima, likizunguka nyumba hadi nyumba, ila lilianzia kwa kina Yunisi.

"Kila siku wanasifiwa wao tu, eti alizeti yao safi," Damari alinung'unika.

"Zamu yetu inakuja. Wewe pura," mama yake alisema.

Lakini wivu ulishamwingia. Jioni alipotumwa kwa kina Yunisi kuazima ungo, hakukuta mtu. Magunia yao yalikuwa mlangoni, moja halijashonwa. Damari alichota mchanga, konzi baada ya konzi, akaufukia ndani. "Tuone sasa watasifiwa nini!" Alirudi nyumbani bila ungo.

Kesho yake wanakikundi walikusanyika ghalani. Bwana Gervas wa shirika alitandika turubai kubwa.

"Mwageni zote hapa tuchanganye. Kampuni itapima kutoka kwenye lundo. Ikikuta mchanga, gari linarudi tupu."

Damari alishtuka. "Shikamoo, Bwana Gervas. Kwani si kila mtu na gunia lake?"

"Marahaba. Hapana, mwanangu. Kampuni haimjui mama yako wala mama Yunisi. Inakijua kikundi."

Alizeti ya mama yake ilikuwa imeshamwagwa. Lile gunia la kina Yunisi alilolitia mchanga lilipoinuliwa, Damari alilikumbatia.

"Msilimwage! Lina mchanga. Nimeutia mimi, kwa wivu wa turubai!"

Mama yake aliinamisha kichwa.

"Kisa turubai?" Yunisi alifoka. "Si ungekuja tupure wote? Mikono yenyewe imenitoka malengelenge!"

Damari alipewa chekeche, akaanza kuchekecha. Baadaye Yunisi, bado amenuna, alishika upande wa pili. Gari lilipofika, alizeti ilikuwa safi, ikanunuliwa yote.

Njiani mama yake alisema, "Ulimlenga jirani, ukakaribia kutukosesha soko sote. Mwenzako akipata, nenda ukashirikiane naye. Ukimharibia, unajiharibia na wewe."

"Nimekoma, mama."

"Haya. Na ule ungo niliokutuma jana? Mtama unasubiri kupepetwa."

Damari akageuka kwenda kubisha hodi kwa kina Yunisi.