Nywele za Bonareri kwenye Ndoano

"Hii nywele ni ya nani, Nashon?"

Bonareri alikuwa amemwaga kopo zima juu ya meza ya mchumba wake, mchana kweupe, siku tatu kabla ya arusi yao ya Jumapili. Ndoano thelathini zilitawanyika, kila moja imefungwa unyoya wa jogoo, uzi mwekundu na nywele za rangi ya kutu. Jibu alilijua. Soko zima la Migori halina mwanamke mwingine mwenye nywele za rangi hiyo.

"Ni yako," Nashon alisema, macho chini.

"Umetoa wapi?"

"Kwa kitana. Ukikuja kusukwa kwa mama."

"Kumbe shangazi Nyasuguta alisema kweli! Aliniambia, mwanangu, huyo Mjaluo amekufunga na dawa. Msichana wa Kisii, tena Msabato, anafuata nini kwao Karungu? Mimi nikamcheka!"

Moyo ulimwuma kwelikweli. Mwaka mzima alidhani anapenda kwa hiari yake.

"Si dawa, jaber, mrembo wangu. Ni wadudu."

"Wadudu?"

"Wa kudanganya samaki. Twende mtoni uone."

Alienda, lakini hatua kumi nyuma, Biblia kwapani.

Nashon alivua kwa manyoya tangu utotoni. Mzungu mmoja wa mgodi wa Macalder alimwachia fimbo ndefu ya kuvulia, na tangu mwaka wa sitini na mbili kazi yake ilikuwa kuwaongoza wageni wa Kizungu kutoka Homa Bay waliopenda kuvua kwa mchezo katika Mto Kuja. Hilo Bonareri alilijua. Asichojua ni kwa nini siku hizi walimtaka Nashon tu, wakawaacha wengine.

Nashon akarusha uzi. Mdudu wa nywele akatua juu ya maji, na kabla Bonareri hajamaliza kuguna, samaki mkubwa, fwani, akamrukia.

"Nimejaribu mkia ya ng'ombe, nimejaribu mbuzi. Yote inazama. Yako inaelea."

"Na ulishindwa kuniomba?"

"Niliogopa utafikiria ni uchawi."

"Ukaiba, na nikafikiria hivyo hivyo!" Hasira ilikuwepo bado, ila hofu ilikuwa imemtoka. "Na hao Wazungu wakiuliza ni nywele ya nani?"

"Nawaambia ni ya bibi yangu."

"Mimi si bibi yako."

"Najua. Mwaka mzima nawadanganya."

Bonareri akamkazia macho yule mwizi wake, aliyelowa hadi magotini na samaki mkononi. Kicheko kikamtoka bila kupenda.

"Basi Jumapili uache uongo."