Swali la Nesi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Pilipili alifagia ua huku akiitupia jicho la husuda baiskeli nyekundu iliyoegemezwa ukutani. Jina la Pilipili alibandikwa nyumbani kwa ukali wa ulimi wake. Baiskeli ilikuwa ya dada yake, zawadi ya mama baada ya kufaulu mtihani. Dada aliing'arisha kwa kitambaa, na hakuruhusu mtu hata kuigusa kengele.

"Yeye baiskeli, mimi ufagio!" Pilipili alinung'unika. "Kisa, amezaliwa wa kwanza."

"Ungewahi foleni, mwanangu," mama alimtania.

Pilipili hakucheka. Alifagia kwa nguvu zaidi.

Siku moja dada alimwita. "Chukua baiskeli. Iwe yako kabisa."

Pilipili hakuamini masikio yake, wala hakuuliza kwa nini. Jioni nzima alizunguka mtaani akipiga kengele hata pasipo na mtu. Baadaye dada akampa saa yake, kisha kalamu zake za rangi. Chakula dada alikuwa akikichezea tu, na rafiki zake wakija alijifanya amelala. Pilipili aliyaona yote hayo, akanyamaza. Hatimaye vitu vizuri vilikuwa vyake.

Wiki hiyo nesi wa zahanati alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kupima afya ya akili ya wakazi, ili ijulikane ni wangapi wanaohitaji msaada. Alizungumza na kila mtu faragha. Dada alimjibu akitabasamu kwamba hana shida yoyote. Ikafika zamu ya Pilipili.

"Watu hunijibu kama tunasalimiana," nesi alisema. "Hata aliyevunjika mguu husema 'nzuri' kwanza. Basi salamu tumemaliza. Je, hapa nyumbani kuna aliyebadilika? Hali chakula vizuri, anajitenga, au anagawa vitu anavyovipenda?"

Pilipili aliifikiria baiskeli. Akisema, baiskeli itarudi kwa mwenyewe.

"Hakuna," alijibu haraka.

Nesi alishukuru, akachukua mkoba wake. Kupitia dirishani, Pilipili alimwona dada ameketi peke yake uani, kichwa ameinamisha. Kwa nini mtu aliyeipenda baiskeli kiasi kile aigawe bure? Hofu ikamshika.

"Nesi, subiri! Nimekudanganya. Ni dada. Amenipa kila kitu chake!"

Nesi alimwita mama, wakaketi na dada chumbani.

"Mdogo wangu, nakuuliza waziwazi," nesi alimwambia dada. "Umewahi kufikiria kujiua?"

"Usimwulize hivyo!" mama alishtuka. "Utamtia wazo kichwani!"

"Kuuliza hakumtii wazo, mama. Kunampa nafasi ya kulisema."

Dada akaangua kilio. "Ndiyo. Nimechoka, mama. Niliogopa mtaniita mwendawazimu."

Mama alimkumbatia kwa nguvu. Siku hiyohiyo walikwenda naye zahanati, na tangu hapo hawakumwacha peke yake. Alipata matibabu, akawa anazungumza na mshauri kila wiki. Haikuwa kazi ya siku moja, lakini polepole akaanza kula na kucheka. Kisha akaitaka baiskeli yake. Pilipili akairudisha huku amenuna.

Nesi alipopita tena, alimwuliza Pilipili hali yake.

"Nina wivu," alisema bila kupepesa. "Baiskeli imekwenda, na siku hizi mama analala chumbani kwa dada. Na mimi je?"

Mama alimvuta karibu. Nesi akatabasamu.

"Hilo ndilo jibu nililolitafuta," alisema. "Maumivu yasiyosemwa hayatibiki. Siku ile ulisema kweli ukijua utapoteza kitu, na dada yako akapata msaada mapema. Ukimwona mwenzako amebadilika, mwambie mtu mzima, hata kama amekuomba ufiche siri. Na wewe ukiumia, sema vivyo hivyo."

"Leo nitalala kwako," mama alimwahidi.

Pilipili alifikiri kidogo. "Hapana," alisema. "Tulale sote kwa dada."