Kilo Tatu Nukta Mbili

Mwanvita alining'iniza kanga tupu kwenye ndoano ya mzani, akasubiri mshale utulie kwenye sifuri. Mshale ukajikokota. Ukapita moja, ukapita mbili, ukasimama kwenye tatu na vistari viwili. Akaitazama kanga. Ilikuwa kanga tu, imefungwa fundo la kumbebea mtoto, haina hata pini ndani.

"Mama Magdalena," akaita, "njoo uone mzani wako."

Muuguzi Magdalena alitoka chumba cha kuzalishia akikausha mikono. Alikuwa mwanamke wa Mgeta, mnene, mwenye miaka ishirini na saba kwenye zahanati hii ya mlimani, na hakuwa na subira na mtu anayemwita kabla hajanywa chai. Akautazama mzani. Mshale ulikuwa kwenye sifuri, umetulia tuli.

"Nauona," alisema. "Wewe umeona nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Basi fungua mlango. Akina mama wanalowa huko nje."

Mwanvita akafungua mlango. Siku hizo alikuwa mtu wa kufanya alichoambiwa. Akiambiwa kula alikula, akiambiwa kalale alikwenda kujilaza. Miezi mitano nyuma, katika hospitali moja ya bondeni, alikabidhiwa mtoto wa siku tatu aliyekuwa akisahau kupumua. Dawa ya kuyaamsha mapafu yake ilitakiwa iwe sifuri nukta sita nne ya mililita. Mwanvita, aliyekuwa kwenye zamu ya pili mfululizo, alivuta sita nukta nne. Nukta ilihama nafasi moja tu. Mtoto alikufa kabla ya adhuhuri, na kwenye karatasi yake uzito uliandikwa kilo tatu nukta mbili.

Kamati ilikaa, ikamhurumia kwa namna ya kamati. Aende mlimani miezi mitatu, akajifunze upya kukokotoa dozi chini ya Magdalena. Magdalena akitia sahihi, atarudi kazini. Asipotia, uuguzi basi. Mwanvita hakulia hospitalini, wala mbele ya kamati. Waliomtazama walisema ana roho ngumu. Ukweli ni kwamba hakuwa akihisi chochote, uchungu wala njaa, na hata hilo halikumshtua.

Magdalena alifundisha kwa mdomo. "Dozi isiyosemwa kwa sauti haipo," alisema. Uzito kwanza, mara kipimo cha kila kilo, gawa kwa dawa iliyomo kwenye mililita moja. Mmoja anasema, mwenzake anasikiliza, na kwa dozi isiyofika moja hutamki nukta kabla hujatamka sifuri. Hesabu hizo alizitunga wakati wa kupika, wa kufua, na wa kupalilia kabichi nyuma ya zahanati.

"Mbuzi wangu ana kilo ishirini na mbili, kapatwa na degedege. Mtibu."

"Ishirini na mbili mara ishirini, mia nne arobaini. Gawa kwa mia mbili. Mbili nukta mbili."

"Amepona. Sasa mtibu padri wetu, kilo mia moja na nne."

"Padri naye ana degedege?"

"Kwaya yetu ikianza kuimba, anayo."

Magdalena alicheka peke yake mpaka akashika kiuno. Mwanvita alitoa jibu, na jibu lilikuwa sahihi. Kila siku majibu yake yalikuwa sahihi.

Sasa ile kanga. Desturi ya zahanati ilikuwa kila mama aje na kanga yake ya kumpimia mtoto, maana hakuna aliyetaka mwanawe aning'inie kwenye nguo ya mtoto asiyemjua. Lakini masika yalikuwa yamekolea, wengi walifika kanga zao zikichuruzika maji, na kanga iliyolowa inadanganya mzani. Mwanvita akatoa moja kutoka kwenye begi lake. Haikuwa yake. Ilikuwa ya mama wa yule mtoto wa bondeni. Siku ile mama yule alipotoka na maiti iliyofungwa kwenye shuka la hospitali, kanga ya mtoto ilibaki kitandani, na hakuna aliyeitaka. Mwanvita aliichukua, akaifua mara tatu, akaipiga pasi. Alijiambia kwamba kanga ikishatakata ni kanga tu. Mwanamke yeyote wa mlimani angemkatalia hapo hapo, lakini Mwanvita hakumuuliza yeyote.

Kadi za kliniki zikaanza kuzua mambo. Mama mmoja alipiga vigelegele baada ya kuambiwa mwanawe ameongezeka kilo tatu kwa mwezi mmoja. Magdalena aliichukua kadi, akamtazama mtoto, akaitazama tena kadi.

"Huyu anakula nini, saruji?"

Wakampima upya kwa kanga ya mama yake, iliyokuwa imeshakauka jikoni, na zile kilo tatu hazikuwepo. Magdalena akasema ni springi ya mzani, imezeeka kama yeye, akaikaza kwa bisibisi. Mwanvita akaitikia kwamba ndiyo, ni springi. Namba ile aliijua. Aliijua kama anavyolijua jina lake, ila kuijua hakukumgusa popote.

Alhamisi, saa saba mchana, ukungu ulishuka kutoka kileleni ukaifunika zahanati, ukaingia mpaka barazani. Wagonjwa walikuwa wamekwisha kuondoka. Mwanvita alikuwa akifungasha vidonge kumi kumi kwenye vibahasha, na chumba cha mzani kilikuwa kimefungwa, aliposikia springi ikilia ndani yake, ii, ii, taratibu, kwa mwendo ule ule wa mama anayembembeleza mtoto aliyekataa kulala. Akaenda akafungua. Kanga ilikuwa ikibembea na hakukuwa na upepo, fundo limevutika juu na chini yake pametuna, kama panavyotuna mgongo wa mtoto ukiegemea nguo, na chumba kizima kilinuka maziwa yaliyochacha na utosi wa mtoto mchanga, harufu ambayo mtu akishawahi kuwapokea watoto hawezi kuifananisha na nyingine. Mshale ulikuwa kwenye tatu na vistari viwili, ukitikisika kidogo kidogo, kama unavyotikisika mtoto anaporusha miguu.

Mwanvita akaufunga mlango. Akarudi kwenye vidonge. Alikuwa amefikia bahasha ya kumi na nne, akaanza ya kumi na tano.

Jumatatu asubuhi Pili aliingia mbio na mwanawe Yunusi kifuani. Pili alikuwa mama kijana wa kitongoji cha juu, na alikuwa ameteremka saa nzima kwenye mvua. Yunusi, mwaka mmoja na nusu, alikuwa amekakamaa, macho yamepanda juu, povu mdomoni.

"Nesi, mwanangu! Tangu alfajiri hajarudi! Dege limemchukua mwanangu!"

Magdalena alikuwa nyuma ya pazia na mzazi, kichwa cha mtoto kinaonekana, hawezi kuondoka. "Mwanvita!" akapaza sauti. "Mpime, kokotoa, unisemee nikusikie!"

Kanga ya Pili ilikuwa inatiririka maji. Mwanvita akamfunga Yunusi kwenye ile ya begini, akamning'iniza. Kilo kumi na moja nukta mbili. Akamnyanyua ili amlaze kitandani, na mikono yake, mikono iliyokuwa haihisi moto wala baridi, ikahisi kwamba mtoto huyu ni mwepesi. Akageuka. Kanga ilibaki kwenye ndoano, tupu, na mshale haukurudi kwenye sifuri. Ulishuka mpaka kwenye tatu na vistari viwili, ukakaa.

"Sema!" Magdalena aliita.

"Kumi na moja nukta mbili mara ishirini," Mwanvita alisema. "Mia mbili ishirini na nne. Gawa kwa mia mbili. Moja nukta moja mbili."

"Hesabu sawa. Uzito una uhakika nao?"

Neno moja tu lilitakiwa. Angesema ndiyo, na hakuna kamati duniani ambayo ingemlaumu, maana mzani ulisema, hesabu ilikuwa sahihi na Magdalena ameisikia. Na angelisema tu, maana kuitikia ndiyo kazi aliyoizoea, lakini springi ilianza kulia nyuma ya shingo yake, ii, ii, na harufu ile ya maziwa ikamjaa puani mpaka mate yakawa machungu, na mbele yake alilala mtoto aliyekonda, mwenye mbavu za kuhesabika, ambaye dozi ya kilo kumi na moja ingemlaza usingizi ambao mapafu yake madogo yasingeweza kuustahimili, na Pili alikuwa amemshika gauni kwa mikono miwili akimtazama usoni, kama alivyotazamwa mara moja na mama mwingine, kwenye wodi nyingine, dakika chache kabla ya sindano ile.

"Sina," alisema. "Toa kilo tatu nukta mbili, mama."

"Kwa nini nitoe? Za nani hizo?"

"Za mtoto niliyemuua."

Sauti ya Magdalena ikaja kutoka nyuma ya pazia, ya chini, ya kawaida kabisa. "Haya. Anza upya. Polepole."

"Nane mara ishirini, mia moja sitini. Gawa kwa mia mbili. Sifuri... sifuri nukta nane."

"Sifuri nukta nane. Nimesikia. Mchome."

Akamchoma. Baada ya robo saa Yunusi alilegea, akavuta pumzi ndefu, akaanza kulia kwa hasira. Pili alikaa sakafuni akalia naye. Mwanvita aliosha mikono, akasimama pale sinki akiyatazama maji yakienda, akijua kwamba inapasa afurahi.

Mchana Magdalena aliitazama kanga kwa mbali, hakuigusa. "Mimi ni Mkatoliki, tena mwanachama wa WAWATA, umoja wa akina mama wa Kanisa," alisema kwa kunong'ona. "Lakini hili si la kumngojea padri." Akamtuma Pili kwenda kumwita Mzee Mwinshehe, anayejulikana kata nzima kwa kuwasomea wenye majini.

Mzee alikuja na chetezo, mwembamba, amevaa koti la mvua juu ya kanzu.

"Shikamoo, babu," wakasema wote wawili.

"Marahaba." Akafukiza ubani, akasoma. Alisoma mpaka sauti ikakauka. Kanga ilibembea, mshale ukabaki pale pale. Mzee akanyamaza, akaikaribia kanga kama mtu anayemchungulia aliyelala.

"Kanga ya nani hii?"

Mwanvita akamweleza. Alieleza yote, nukta na zamu na shuka la hospitali, kwa sauti ile ile ya kusomea karatasi.

"Na wewe ukaileta kupimia watoto wa watu! Binti yangu, nguo iliyomlea marehemu mchanga haibebi mwingine. Ungemrudishia mama yake, au ungeizika." Akatikisa kichwa. "Huyu hakimbii kisomo kwa sababu si wa kukimbizwa. Huyu ni mgonjwa kwenye foleni. Aliletwa kutibiwa, hajatibiwa, amekaa anangoja. Mpe dawa yake."

"Dawa gani, babu?"

"Ile ile. Wewe ndiye unayejua kiasi."

Mwanvita akasimama mbele ya mzani. Magdalena akaja upande wake, akaweka mikono nyuma, tayari kusikiliza.

"Kilo tatu nukta mbili," Mwanvita alisema, "mara tano. Kumi na sita. Gawa kwa ishirini na tano." Hapo akakwama. Springi ilikuwa imenyamaza. Chumba kizima kilikuwa kinamsikiliza. "Sifuri," akasema. "Sifuri nukta sita nne."

"Sifuri nukta sita nne," Magdalena akarudia. "Nimesikia."

Kanga ikalegea. Palipotuna pakasinyaa, kitambaa kikaning'inia kama kitambaa, na mshale ukarudi mpaka sifuri, haukutikisika tena. Harufu ikakatika. Mzee Mwinshehe aliifungua kanga kwa ncha za vidole, wakaenda kuizika ukingoni mwa shamba la kabichi, na yeye mwenyewe akashindilia udongo kwa kisigino. Magdalena alimkaribisha chai, akakataa. Alikuwa akimtazama Mwanvita.

"Kwenye mzani ametoka," alisema, akachukua chetezo chake akaondoka.

Siku zilizobaki hazikuwa na neno. Watoto walipimwa, wakawa na uzito wao. Ijumaa ya mwisho Magdalena alitia sahihi fomu ya kamati, akapiga muhuri, akamkumbatia Mwanvita kwa nguvu, akamwambia ameshakuwa nesi wa kuaminika na asisahau kula. Mwanvita alishukuru. Alingoja moyo ushtuke kidogo, uruke, ufanye chochote. Ulipiga tu, kama kawaida.

Aliondoka Jumamosi asubuhi kwa miguu, kwa kuwa pikipiki zilishindwa na matope. Begi alilishika mkononi. Njia ilikuwa nyembamba, jua limetoka, majani yanang'aa, na kwenye kona moja alikutana na bibi mmoja anayepanda na tenga la fyulisi kichwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mwateremka?"

"Ndiyo, bibi."

Bibi akampisha, akamtazama alivyopita, akacheka kidogo kwa upole. "Simama umpandishe mtoto," akasema. "Usingizi umemzidi, anakuteremka mgongoni."

Mwanvita akasimama. Ndipo alipohisi, kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane: joto katikati ya mabega, na pumzi ndogo shingoni, inakuja, inakatika, inangoja, inakuja tena. Akaweka begi chini. Akapeleka mikono yote miwili nyuma, akainama mbele kama anavyoinama kila mama, na mikono yake ikapata cha kushika. Akampandisha. Kisha akaokota begi lake, akaendelea kuteremka.