Chumba cha Fungate Kinauzwa

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, saa nne na robo asubuhi. Fundi cherehani alikuwa amepiga magoti akipinda gauni lake mwenyewe la harusi, pini nne mdomoni, simu ikalia. Mchumba wake alisema ameamua kurudiana na mama wa mtoto wake. Mtoto gani? Miaka mitatu ya uchumba hakuwahi kusikia habari za mtoto. Alitema pini moja moja kiganjani, akakata simu, akaapa: mwanamume atakayemdanganya tena, hata kwa jambo dogo kama kichwa cha pini, hatamsikiliza mara ya pili.

Wenye ukumbi walirudisha fedha. Wapishi walirudisha. Hoteli ilikataa. Chumba cha fungate, ghorofa ya sita, siku tatu, kilikuwa kimeshalipiwa, na meneja akasema utaratibu hauruhusu. Wakubwa hawakosi utaratibu. Wanachokosa ni haya usoni.

"Kiweke mtandaoni," shangazi yake alimwambia. "Usiache kitanda kizima kilaliwe na mito."

Akakiweka kwa nusu bei, akaongeza mstari mmoja: *Wenye ndoa tu.* Alitaka angalau kitanda kile kipate kilichokusudiwa.

Mnunuzi alipatikana siku hiyohiyo. Lakini kwa utaratibu uleule wa meneja, mwenye chumba wa kwanza lazima afike mwenyewe na kitambulisho, ndipo akikabidhi kwa mnunuzi. Ndiyo maana Jumapili ya tarehe ishirini na sita wakakutana mapokezi, katikati ya masanduku ya magurudumu na wajumbe wa mkutano wenye beji shingoni. Yeye alivaa gauni la bluu lililomkaa sawasawa. Mwanamume alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na buti za kazi zenye ncha za chuma.

"Dada ndiye mwenye chumba?"

"Ndimi. Mkeo yuko wapi?"

"Anakuja," alisema, macho yakiwa kwenye milango ya lifti.

"Mbona unaitazama lifti kama unaidai?"

"Ni kazi yangu. Mwaka wa tisa huu naitengeneza. Hii ya kushoto inakoroma. Ila leo ndiyo mara ya kwanza naingia humu kwa mlango wa mbele."

Fundi cherehani akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu Jumanne ile. "Basi nipigie jioni uniambie chumba kikoje. Nimekilipia na sijakiona."

Saa kumi na mbili jioni simu ikalia.

"Haloo, mwenye chumba. Bafu ni kubwa kuliko jiko langu."

"Usinitie wivu. Mapazia je?"

"Mazito. Rangi ya chai."

"Yamepindwa kwa mkono au kwa mashine?"

Buti zikasikika zikivuka chumba. "Mashine. Na uzi umeachia pembeni."

"Nilijua! Bei yote ile!"

"Mke wangu anakusalimu," alisema, akakata upesi.

Jumatatu alipiga mara mbili. Mara ya pili alimsomea maandishi ya kwenye chupa ya sabuni, mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari.

"Huyo mume wa mtu anakuchekesha nini?" shangazi aliuliza.

"Sabuni, shangazi."

"Sabuni! Haya. Tutaona hiyo sabuni itafua nini."

Fundi cherehani aliinamia mashine, uso ukimwaka. Alijua moyo wake umeanza kuingoja simu ya mume wa mwenzake, na hilo halikumpendeza.

Jumanne asubuhi hoteli ikampigia simu.

"Samahani, namba yako ndiyo iliyobaki kwenye kompyuta. Kimelipiwa kifungua kinywa cha watu wawili, lakini siku mbili sasa anakula mmoja. Cha pili tukifute?"

"Mkewe hali chakula?"

"Mke yupi? Yule baba yuko peke yake tangu Jumapili."

Alifika kwenye mgahawa wa hoteli na nguo zake za kazi, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Fundi lifti alikuwa dirishani, kwenye meza iliyoandaliwa sahani mbili.

"Mkeo yuko wapi?"

Aliweka uma chini. "Amefariki. Novemba iliyopita."

"Na salamu alizonitumia?"

"Nilizitunga mimi."

Akamweleza bila kuinua sauti. Miaka minane aliomba likizo, na kila mwaka mkuu wake alisema mwakani. Alikuwa amemwahidi mkewe kwamba siku akipewa, watalala ndani ya jengo hili alilozoea kulijua kwa vyumba vya mitambo tu. Likizo ilitiwa saini miezi mitatu baada ya mazishi, na mkuu yule hakutamka hata neno la pole.

"Tangazo lilisema wenye ndoa. Ningesema kweli ungeninyima, au ungenihurumia. Nikadanganya."

"Hiyo ni Jumapili. Na jana?"

"Jana niliogopa ukijua sina mke utaacha kucheka nami."

"Mimi nimeapa, fundi. Mwongo simsikilizi mara ya pili."

"Una haki."

Alisimama pale, mkono kwenye kiti, mpaka mhudumu akaja akamimina chai ya pili. Ndipo akaketi.

"Nakaa kwa sababu chai hii niliilipia mimi. Usijipe moyo."

"Sijipi."

"Na acha kutabasamu."

"Nimeacha." Hakuwa ameacha.

Walikula mayai. Alipomaliza, fundi lifti alizungusha kikombe kwenye kisahani, akasema bila kumtazama:

"Kesho saa nne narudisha ufunguo. Jioni sitakuwa na bafu wala pazia la kukusimulia, na mke wangu sitamsingizia tena salamu. Nitakuwa na habari zangu tu, za kweli."

Fundi cherehani aliivuta tepu shingoni, akaanza kuizungushia vidoleni, taratibu, inchi kwa inchi.

"Nikikupigia hivyo," aliuliza yule mwanamume, "utapokea?"