Zamu ya Pumzi

Jua lilikuwa limejificha nyuma ya Mlima Meru Elisaria alipochukua panga kwenda kukata majani ya ng'ombe.

"Shemeji, usikawie tena kule kaburini," Ephraimu, mdogo wa marehemu mumewe, alimtania kutoka zizini. "Ng'ombe hawashibi machozi."

Elisaria akashika njia. Migomba ya kijiji cha Akheri ilisimama kimya, bila upepo. Alipolikaribia kaburi, akanusa chumvi.

Chumvi ya bahari. Huku mlimani...

Mumewe, Ndesanjo, alikuwa mpagazi wa Meru hadi milango ya nchi ilipofunguliwa kwa wageni na hoteli za watalii zikaota visiwani kama uyoga. Akashuka hadi kisiwa cha Mafia, akajifunza kuzamia, akawa anawaongoza wageni kwenye matumbawe. Likizo moja alirudi na vifaa vyake, akamvisha Elisaria ile miwani mikubwa hapo uani. Kuku wakatimua mbio. Akamwonyesha mtungi wa hewa, mpira wake mweusi, na kidomo cha kung'ata kwa meno.

"Mwenzako akiishiwa hewa huko chini, mnagawana kidomo. Unavuta, unampa. Anavuta, anakupa."

"Na asiporudisha?" Elisaria aliuliza akicheka.

Ndesanjo hakucheka. "Anarudisha. Ndiyo kanuni."

Mtalii mmoja hakurudisha.

Mtalii aliibuka. Ndesanjo hakuibuka. Bahari haikutoa hata mwili. Likaja begi tu kwa basi, na ndani yake vifaa vyake vya akiba: nguo ya mpira ya kuzamia, ile miwani, na mtungi wenye mpira na kidomo chake.

Mzee Fanuel, baba mkwe, alitaka mila ifuatwe. Aliyepotelea majini huzikiwa shina la mgomba, limeviringishwa shuka. Shina likioza, naye hupumzika.

"Mume wangu si mgomba, baba!" Elisaria alilia. "Nipeni nizike kilichogusa ngozi yake."

Wakamhurumia. Wakazika begi, na vyote vilivyokuwamo.

Sasa alisimama kando ya kaburi, panga mkononi. Akasikiliza.

Hsss...

Kimya.

Kisha viputo. Blu... blu... blu... Chini ya udongo mkavu.

Katikati ya masale, mimea ya makaburini aliyoipanda mwenyewe, mpira mweusi ulikuwa umetokeza ardhini. Kidomo kilikuwa kimelowa. Kilitetemeka, kikivuta hewa kwa shida, kama mtoto mwenye pumu.

Angeweza kukimbia. Alipiga magoti.

"Ndesanjo?" alinong'ona. "Imekuishia?"

Akakitia kidomo kinywani, akapuliza. Chumvi ikamjaa ulimi. Huko chini, mtu akavuta pumzi, ndefu, ya shukrani. Kisha hewa ikarudi kinywani mwake, ya uvuguvugu.

Zamu yake.

Giza lilikuwa limeingia Ephraimu alipomkuta, udongo midomoni, machozi yakimtiririka. Akamnyang'anya mpira, akapaza sauti: "Baba! Njoo na jembe!"

Wakafukua. Ile nguo ya mpira ilikuwa imevimba, imejaa maji ya bahari, imekaa umbo la mtu. Mikono yake iliukumbatia mtungi. Mshale wa geji ya hewa ulikuwa kwenye sifuri.

Mzee Fanuel aliinama, taa mkononi.

"Huu mtungi mliuzika na hewa?"

"Ulikuwa umejaa, baba," Ephraimu akajibu.

"Mmemzika na pumzi." Mzee akaishusha taa. "Mwanangu angekufaje?"

Wakaukata mgomba alioupanda Ndesanjo mwenyewe. Wakaliviringisha shina shuka jeupe, wakaliteremsha.

"Muage, mwanangu," mzee akamwambia Elisaria.

Elisaria akapiga magoti ukingoni.

"Lala, mume wangu. Nilikuzuia. Nisamehe... lala."

Maji yakaitoka ile nguo taratibu, yakazama udongoni. Ikabaki mpira mtupu.

Tangu siku hiyo kaburi limenyamaza. Shina limeoza, kama itakiwavyo. Masale yamestawi.

Ila Elisaria, akisinzia, huvuta pumzi moja. Kisha hukaa... hukaa... muda ambao kifua cha mtu hakiwezi kustahimili.

Alasiri moja Ephraimu alimkuta hivyo kwenye benchi la jikoni, midomo imegeuka rangi. Akamtikisa kwa nguvu.

"Shemeji! Pumua! Pumua, nakuomba!"

Elisaria alifumbua macho. Akamtazama kwa huruma, kama anayemtazama mgeni asiyejua kanuni.

"Bado," alinong'ona. "Hajanirudishia."