Mheshimiwa Aliyempungia Mkewe Mkono

Ndugu zangu mlio mbali na kwenu, na ninyi mliobaki nyumbani, sogeeni karibu niwape kisa cha Kerubo wa mtaa wa Small Heath, Uingereza. Chekeni mnapotaka kucheka, ila msije mkasema hamkuambiwa.

Kerubo alikuwa muuguzi, mzaliwa wa Kisii, na Jumapili ndiyo iliyokuwa siku yake ya raha mjini Birmingham. Siku hiyo mumewe Barnabas, kondakta wa basi, alivua koti akaingia jikoni kusonga ugali. Ulikuwa ugali wa semolina, ngano iliyosagwa chenga, maana unga wa mahindi miaka ile haukupatikana. Alisonga huku akiimba nyimbo za kanisani, jasho likimtoka, na binti yao Gertrude akigonga meza kwa kijiko. Vimla, jirani yao Mhindi aliyezaliwa Kisumu, aliingia na bakuli lake la dengu, wakala wote mpaka wakalegea. Nyumba ile ilikuwa na furaha, ingawa haikuwa na cheo.

Jumapili moja mwanzoni mwa 1973 mlango ukabishwa. Wakaingia mabwana wa chama, kila mmoja na ua la utepe mwekundu kifuani, rangi ya chama chao. Walikuwa wakitafuta mtu wa kugombea udiwani, mtu anayejulikana na watu. Na nani alijulikana kuliko kondakta wa basi la Coventry Road, aliyemtania Mwairishi na kumwamkia Mpakistani kwa lugha yake?

"Mama Gertrude, unasemaje?" Barnabas akauliza.

"Gombea, Baba Gertrude. Ila Jumapili ni yetu."

"Jumapili ni yetu," akaahidi.

Akashinda. Kerubo alipiga vigelegele ukumbini hadi Waingereza wakageuka kumtazama, na hakujali hata kidogo.

Tumpe Barnabas haki yake: alikuwa diwani mzuri. Bibi kizee akivujiwa na paa, diwani yuko. Taa ya mtaa ikizimika, diwani yuko. Lakini watu wetu hawakungoja siku zilizowekwa za kumwona. Walipiga hodi saa yoyote kama walivyozoea kwao, naye Barnabas hakujua kumwambia hapana mtu aliyesimama nje ya mlango wake. Walio ndani ndio walioambiwa wangoje.

Kioo cha dirisha la jikoni kikavunjika. Barnabas akasema atakitia wiki hiyo, na mnajua wiki za wanasiasa zilivyo ndefu. Kerubo alingoja mpaka baridi ikamshinda, akaziba pengo kwa bango la kampeni, picha ya mumewe ikitabasamu kuelekea ndani. Jioni hiyo Gertrude alipita jikoni akaliambia bango, "Night night, Daddy," yaani usiku mwema, Baba. Vimla alicheka akashika mbavu. Kerubo naye alicheka, kisha akapanda juu akajifungia chooni akalia.

"Mheshimiwa," alimwuliza mumewe, "Jumapili ni ya nani siku hizi?"

"Nina miting Selly Oak, Mama Gertrude. Uchaguzi wa pili ukipita nitapumzika."

Kinyozi hajinyoi, lakini huyu hata kichwa chake alikuwa amekisahau.

Uchaguzi wa pili ukafika, Mei ya 1976, na Kerubo alikuwa na mimba ya siku za mwisho. Siku ya kura wagombea huwabeba wazee na wagonjwa kwa magari hadi kituoni, kwa hiyo Barnabas aliipamba Cortina yake kwa tepe nyekundu tangu asubuhi. "Ukisikia uchungu gari lipo," alimwambia mkewe. "Nitakuwa nikipita hapa. Wewe nipungie tu mkono dirishani."

Uchungu ulianza jioni, nao ulianza kwa kasi. Kerubo akasimama dirishani, mkono mmoja kiunoni. Cortina ikatokea kwenye kona, imejaa vikongwe nyuma. Kerubo akainua mkono akamwita. Barnabas akamwona. Akatabasamu tabasamu lile la bango, akampungia mkono, akapiga honi mara mbili, akapita.

Mkono wa Kerubo ulibaki hewani. "Vimla, hakuniona?"

"Ameona kura, dada," Vimla akasema. "Wewe hakukuona."

Papo hapo mlango ukabishwa. Alikuwa Bi Hadley, mjane wa Kiingereza, mpinzani wa Barnabas, na ua lake la utepe wa buluu. "Najua hapa sipati kitu," alisema, "lakini nililelewa kutoruka mlango." Kisha akamtazama Kerubo vizuri, akaziacha karatasi zake juu ya ngazi. "Gari langu liko hapo. Twende."

Vimla akabaki na Gertrude. Gari lilikuwa dogo, lina kipaza sauti juu ya paa, na Bi Hadley akalitumia kuwaondoa watu njiani. Walipofika mbele ya kituo cha kura, Kerubo akamshika bega.

"Simama hapa. Sijapiga kura."

"Mama, unakaribia kuzaa."

"Huyu mtoto ana subira kuliko baba yake."

Basi mke wa diwani akaingia kituoni ameegemea mkono wa mpinzani wa mumewe, na makarani wakasahau hata kufunga midomo. Akaweka alama yake, akakunja karatasi, akatumbukiza. Bi Hadley alikuwa amegeuka kutazama ukuta.

Yaliyofuata ukumbini, kura zilipohesabiwa usiku ule, Barnabas mwenyewe alimsimulia Kerubo, bila kujitetea. Alitangazwa mshindi kwa kura chache mno. Akaenda kumpa mkono Bi Hadley, aliyeingia amechelewa, mikono ya blauzi imekunjwa.

"Umepigana vizuri, mama. Ila saa zile za mwisho hatukukuona mitaani."

"Nilikuwa hospitali na mkeo. Umepata binti. Hongera kwa yote mawili."

Barnabas akaifikiria ile milango ambayo mama huyu hakuigonga jioni hiyo, akajua kiti chake kimetoka wapi. Aliona haya, ndugu zangu, haya ya kumchoma mtu masikio. Akaondoka bila kutoa hotuba.

Kerubo aliisikia sauti yake mlangoni mwa wodi, akafumbua jicho moja.

"Mheshimiwa, vituo vimefungwa."

Barnabas akalivua ua la utepe, akapiga magoti kando ya kitanda. "Nilikuona, Kerubo. Nilikuona na sikukujua." Akalia, na Kerubo akamwacha alie kwanza.

"Mtoto anaitwa Doris," akasema baadaye. "Jina la Bi Hadley."

"Sawa."

"Na kile kioo."

"Kesho."

"Usiniambie kesho. Hilo ni neno la kampeni."

Kulipopambazuka, Vimla alimwona diwani wetu yuko jikoni, suti ile ile ya jana mwilini, anatia kioo. Tangu hapo, aliyepiga hodi Jumapili alipewa sahani ya ugali, na shida yake ikasubiri Jumatatu. Bi Hadley alifika mara nyingi, akajifunza kumega tonge na kulikanda kwa vidole. Kila uchaguzi uliofuata, abiria wa kwanza wa Cortina alikuwa Kerubo.

Lakini jambo moja lilimnyima Barnabas usingizi.

"Mke wangu, siku ile ulimpigia nani?"

"Kura ni siri, mheshimiwa."

Naye Barnabas akainuka kumpikia mkewe chai.

MAFUNZO

Kuwatumikia watu ni heshima, na jamii isiyo na watumishi huoza. Lakini anayewafungulia wote mlango huku akiwasahau walio ndani, anajenga nje na kubomoa kwake. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Walio nyumbani nao ni wapiga kura, tena wao hupiga kila siku. Basi leo ukitoka kwenda kuwapungia watu mkono, geuka kwanza utazame nani amesimama dirishani kwako, na anataka nini.