Babu wa Chuma Kwenye Ukuta wa Bagika

Maneno yalianzia kwa Justina, na kama kawaida ya Justina, yalianza kwa kusema kwamba hayataki kusemwa.

"Noela, mimi umbea siupendi, unanijua," alisema huku akivua viatu mlangoni mwa chumba walichopanga pamoja, Shinyanga mjini. "Ila Maduhu wako ameonekana sokoni Geita na mwanamke. Wananunua kitambaa. Siyo mita mbili tatu, jora zima! Mwanamke anapima, yeye anabeba."

"Kitambaa cha nini?"

"Mwanaume kubeba jora zima nyuma ya mwanamke, unadhani ni la kutandika meza? Harusi hiyo, shoga yangu."

Noela alicheka. Alicheka vizuri tu, akaendelea kukata nyanya. Lakini maneno yenyewe hayakumtoka. Yalilala naye, yakaamka naye, yakapanda naye bajaji kwenda chuoni, yakakaa naye darasani. Na hapo ndipo mambo yalipoharibikia, kwa hiyo sikilizeni, nyie wenye simu mkononi na masikio ya kupokea kila kitu.

Huyo Maduhu walikutana stendi. Noela alikuwa binti wa Kisumbwa, kwao Ushirombo, mwanafunzi wa chuo, na tangu mwaka uanze alikuwa akijitolea kwenye makumbusho madogo yaliyo ndani ya ghala la zamani la pamba. Alitaka kujifunza kupanga maonyesho ya sanaa: picha itundikwe kimo gani, kitu gani kikae jirani na kipi, taa imulike wapi, maelezo yaandikwe mafupi kiasi gani hata mtu aliyechoka ayasome. Mshahara hakuna. Mama yake, Mama Noela, jambo hilo lilimshinda kabisa kulielewa.

"Yaani unafagia nyumba ya vitu vya marehemu, bure?" alikuwa akiuliza kwenye simu kila Jumapili baada ya misa.

"Sifagii, mama. Najifunza kupanga maonyesho."

"Kupanga! Hapa nyumbani vyombo vya jikoni tu vilikushinda kupanga."

Siku hiyo alikwenda stendi kupokea mzigo wa makumbusho. Alivaa gauni la kitenge cha bluu, refu, lenye marinda chini. Basi la Geita lilikuwa limefika, na mlangoni kondakta anafoka.

"Huyu amekalia kiti toka Geita! Aliyekalia kiti ni abiria!"

"Abiria gani asiyepumua?" alijibu kijana mmoja mrefu, aliyekumbatia gunia kubwa kama anayemsaidia mgonjwa kushuka. Shati lake jeupe lilipigwa pasi ya nguvu, lakini kifua kizima kilijaa vitundu vya cheche za kuchomelea.

Kitako cha gunia kikaachia. Mguu wa chuma ukatoka, ukatua juu ya marinda ya Noela, yakachanika.

"Samahani, dada. Babu amekukanyaga."

"Babu yako hana adabu!"

"Alipokuwa hai alikuwa nayo. Huyu nimemtengeneza mwenyewe, lawama nipe mimi."

Noela alikuwa na maneno makali tayari mdomoni. Halafu akaona kilichomo guniani. Alikuwa mzee wa chuma, mguu mmoja juu, jembe begani, kichwa amekirusha nyuma anacheka. Mbavu zake zilikuwa tindo zilizochakaa, misuli ni minyororo, mgongo ni koleo la mashimoni. Noela akasahau gauni.

"Umefanyaje mpaka acheke?"

"Nilimfahamu," alisema Maduhu.

Alikuwa mwanaapolo, akishuka mashimoni kutafuta dhahabu, mpaka shimo la jirani lilipoanguka akaapa harudi tena chini. Sasa alikuwa anachomelea mageti Kalangalala, mjini Geita, na chuma kilichotupwa na wachimbaji anakigeuza watu. Noela akamwomba mzee yule kwa ajili ya maonyesho, Maduhu akampa mzee na namba ya simu kwa pamoja.

Basi simu zikaanza.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Maduhu, unataka kujua mpaka chumvi?"

"Nataka kujua kama umenibakizia, mpenzi."

"Nimekubakizia ukoko. Njoo uuchukue."

Akawa anakuja kweli, kila alipopata nafasi, na wakatembea mjini wakinunuliana karanga na kubishana. Mwisho akasema jambo zito.

"Siku ya ufunguzi baba mdogo Donatus atakuja kutoka Maganzo. Baba yangu hayupo, yeye ndiye mwenye neno. Anakuja kuona chuma, lakini zaidi anakuja kukuona wewe. Akikukubali, wazee wanakwenda Ushirombo kabla ya mvua."

"Asiponikubali?"

"Kwetu asipokwenda yeye, hakuna anayekwenda."

Noela alimpenda mtu huyu, na akajua ndoa yake yote imewekwa kwenye siku moja, ndani ya ghala la pamba.

Sasa mtu mwenye jambo kubwa hivyo, akiletewa habari ya jora la kitambaa, afanye nini? Apige simu. Aseme, wewe, nimesikia hivi, nieleze. Basi, kwisha. Noela alifanya nini? Alimfungia namba.

Maduhu akapiga kwa namba ya jirani. "Noela, usikate, ni kuhusu babu, anatakiwa aka—" Noela akakata.

Maduhu akampigia Mzee Valerian, msimamizi wa makumbusho, aliyekuja karibuni kutoka Bukoba na ambaye kilichomuuma duniani ni sakafu kukwaruzwa. Mzee akaja mpaka alipokuwa Noela, miwani mkononi.

"Kijana wako amepiga. Anasema kuna jambo la babu."

"Mwambie asalimie babu."

"Nilivyoelewa babu alishafariki."

"Basi amwombee!"

"Haya, mimi simo," akasema mzee, akaenda kukagua sakafu yake.

Lile jambo la babu lilikuwa hivi. Katika ngoma za Wasukuma, kabila la Maduhu, kuna pande mbili tangu enzi za mababu, Bagika na Bagalu. Hushindana kwa kucheza na kwa nyimbo za kuchambana, na mtu wa nyumba ya Bagalu hahamii Bagika kama anayehama nyumba ya kupanga. Babu yake Maduhu alikuwa kinara wa Bagalu. Maonyesho nayo yalikuwa na kuta mbili zinazotazamana, Bagika huku, Bagalu kule. Noela hilo alilijua. Asichojua, maana kwao Ushirombo hakukuwa na mambo hayo, ni babu huyu ni wa wapi.

Alimuuliza Mzee Valerian. "Mimi Mhaya, ngoma zenu sizijui," akajibu. "Muulize mwenye nacho."

Mwenye nacho amefungiwa namba.

Kwenye ukuta wa Bagika kulikuwa na nafasi chini ya taa nzuri, pembeni ya mchoro mwekundu. Chuma cheusi kingependeza pale. Noela akasogea nyuma, akafumba jicho moja kama alivyofundishwa, akaridhika. Akaandika kikaratasi cha maelezo kwa mwandiko wa kupendeza, *Mchezaji wa Bagika*. Akakibandika kifuani pa babu. Mwenyezi Mungu anisamehe, lakini kuna wasomi wanaotia hasira.

Siku ya ufunguzi ghala lilijaa. Noela alivaa sketi nyeusi na blauzi ya njano, nywele amesuka mpya, uso umevimba kidogo kwa kukosa usingizi. Bajaji ikasimama nje. Akashuka mzee mnene wa koti la kahawia na kofia ya pama, baba mdogo Donatus. Nyuma yake Maduhu, anahangaika kutoa furushi.

Mzee hakumsubiri. Aliingia, akaamkiwa, akazunguka taratibu huku mikono ipo nyuma. Akafika kwa baba yake wa chuma, maana yule babu wa Maduhu ndiye aliyemzaa. Akainama. Akasoma.

Kando walikuwepo wazee watatu wa Bagika, wamekuja kuona ukuta wao. Mmoja akapiga makofi kwa furaha.

"Donatus! Umehamia kwetu lini? Hata kuaga ulikotoka hukuaga!"

"Kaja na jembe lake kabisa!" akadakia mwingine. "Karibu, kuna shamba la kulima!"

Wakaanzisha wimbo papo hapo, wa mtu aliyepotea akalala kitanda cha jirani. Ghala zima likacheka. Donatus akakaza kofia yake, akatoka nje, akarudi kuketi kwenye bajaji.

"Mzee, tunaondoka?" akauliza dereva.

"Washa."

Maduhu alikuwa mlangoni. Alitazama ukuta, akatazama Noela, akatoa sauti ndogo kama mtu aliyeungua.

"Nilipiga simu, Noela. Nilipiga mpaka jirani akaninyang'anya simu yake."

"Ungempigia mwanamke wako wa jora!"

"Wa nini?"

Noela hakungoja kumjibu. Nje bajaji ilikuwa inanguruma, na Noela alikuwa mjinga kwa siku zile zote, lakini siyo mpaka mwisho. Akakimbia. Akapiga magoti kwenye vumbi, sketi nyeusi na yote, mbele ya tairi.

"Shikamoo, baba."

Dereva akazima injini mwenyewe.

"Marahaba," alisema Donatus, anatazama mbele. "Nani alikwambia baba yangu ni Bagika?"

"Hakuna, baba."

"Ulimuuliza nani?"

"Msimamizi. Hakujua."

"Na huyu kijana, ukakosa simu ya kumuuliza?"

"Simu nilikuwa nayo."

"Sasa?"

Noela angeweza kusema mtandao ulisumbua. Wengi wangesema hivyo. "Nilikuwa nimenuna, baba."

Mzee akageuka, akamtazama kwa mara ya kwanza. "Umenuna."

"Ndiyo. Nimemfungia namba. Kosa ni langu, siyo lake, na wala siyo la makumbusho. Uondoke ukitaka, lakini kwanza niruhusu nimtoe pale. Asilale usiku wa leo kwa watu wa kumcheka."

Donatus akavuta pumzi ndefu. Kicheko kilimjia kwa tabu, kama mtu asiyetaka.

"Mke wangu akinuna huwa anaficha kofia yangu. Wewe umeficha baba mzima! Haya. Mtamhamisha ninyi wawili, kwa mikono yenu, watu wote wakiona. Na wale wazee waimbe mpaka wachoke. Mtavumilia."

Akateremka kwenye bajaji kuja kutazama.

Chuma kile kilikuwa kizito ajabu. Maduhu akashika mabega, Noela akashika mguu ule ule uliochana marinda yake, na safari ya kuvuka ghala ikaanza, Bagika wakiimba upande mmoja, Mzee Valerian akiililia sakafu yake upande mwingine.

"Inua upande wako," alisema Maduhu.

"Nimeinua! Mwanamke wa sokoni ni nani?"

"Mwanamke gani?"

"Wa jora!"

"Salome? Fundi cherehani? Noela, si wewe uliyelalamika mbao zenu za maonyesho zimechakaa, mnatamani kaniki nyeusi ya kuzifunika?"

Noela akasimama. Babu akayumba.

"Usisimame! Utaniangushia mzee!"

"Lile furushi..."

"Ni kaniki yako. Nilimchukua Salome kwa sababu mimi vitambaa sivijui, ningeuziwa chandarua. Ulinitaka nilete nini, Noela? Nikikuletea maua utauliza ni ya msiba wa nani!"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Umenifungia namba!"

"Kabla ya hapo!"

"Nilitaka ushangae."

"Basi nimeshangaa! Geuka kushoto, unagonga nguzo."

"Usinielekeze."

"Hapa mpangaji ni mimi."

"Tumeuona upangaji wako."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na wale Bagika wakanyamaza kuimba ili wasikie vizuri. Walipofika ukuta wa Bagalu, Maduhu alikuwa analowa jasho, blauzi ya njano imejaa kutu.

"Samahani," alisema Noela, kwa sauti ndogo.

"Sikusikia."

"Umesikia."

"Unafungua namba?"

"Nafungua."

"Baba mdogo akienda Ushirombo, utakubali?"

"Unaniposa nimeshika mguu wa babu yako?"

"Mikono ikiwa huru utanikimbia. Jibu."

"Nakubali, Maduhu. Sasa shusha, vidole vyangu viko chini!"

Donatus alibandua kile kikaratasi kwa mkono wake, akakikunja, akawatazama wale wawili wanaopuliza vidole vyao. "Wabeja," alisema, yaani ahsante, kisha akamgeukia Maduhu. "Kwa kelele hizi nawahurumia majirani zenu. Nitakwenda Ushirombo. Mwambie mama yake nakula ugali wa mtama, na kofia yangu nitaishika mwenyewe."

Jioni Noela akapiga simu nyumbani, akalia, akacheka, akaeleza yote. Mama Noela akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo yale ya kupanga," akasema, "bado hujajua."

Basi, mabinti, na vijana wa kiume pia, haya ndiyo ya kuepuka:

Kumsikiliza anayesema hapendi umbea.

Kufunga namba ya mtu kabla hujamuuliza.

Kukata simu katikati ya neno.

Kuandika usichokijua kwa mwandiko mzuri.

Kumpangia marehemu mahali bila kuwauliza wenye marehemu.

Kumshangaza mpenzi kwa siri ya sokoni. Sokoni hakuna siri.

Kusingizia mtandao.

Na kununa kwa mbali. Ukishindwa kuacha kununa, nuna karibu, pale anapoweza kukuona.